Siku saba na mtoto wa miaka miwili: Ifakara, Iringa, Mbeya na kurudi

Siku ya kwanza: Ifakara hadi Iringa

Tuliondoka Ifakara kabla jua halijachomoza: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka miwili na miezi minne. Kwa vile amebeba jina la mama mkwe wangu, baba yake humwita Mama, nami humwita Mkwe. Nyumbani hakuna anayelitumia jina lake la kwenye cheti.

Tulikata tiketi mbili, mtoto tukampakata. Siku nyingine nitakata tatu. Kufika Mang'ula tu nilikuwa nimeshajua kwamba mtoto anayepakatwa kutwa nzima huchoka kuliko anayempakata, maana hana pa kunyoosha miguu wala pa kupanga vitu vyake.

Vitu vyenyewe nilivitayarisha wiki nzima na kuvificha ili avione vipya: vikombe vitatu vya plastiki vinavyoingiana, kitabu cha picha chenye kurasa ngumu, chupa ya maji niliyotia vifungo vikubwa ndani na kukaza kifuniko kwa gundi, kitenge, poti, na sweta mbili. Kwetu Ifakara sweta hukaa kabatini mwaka mzima. Nilijiwekea sharti la kutoa kimoja kimoja, na cha pili kisitoke mpaka cha kwanza kimetupwa chini ya kiti mara tatu.

Hadi Mikumi dirisha lilimtosha. Nyani kandokando ya barabara, matrekta ya miwa Kidatu, malori. Mikumi tukabadili basi, tukashika barabara kuu ya Iringa. Ruaha Mbuyuni, basi liliposimama watu wakachimbe dawa, nilimteremsha nikamwacha akimbie kuzunguka meza za vitunguu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka mitano, na kuna kipengele kimoja ninachokikumbuka kila ninaposafiri: mtoto mdogo asibanwe kwenye kiti au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ndani ya basi haiwezekani. Ndiyo maana kila kituo, hata cha dakika tano, miguu yake ilikanyaga chini.

Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja ya kutazama skrini kwa siku. Saa hiyo nikaitumia vibaya. Mlima Kitonga ulipoanza, na basi likawa linapanda kona baada ya kona huku korongo likiwa upande wetu, nilimpa simu atulie. Macho yake yalikuwa kwenye katuni iliyotulia, mwili ukiyumbishwa na kona. Kona ya nne au ya tano akatapika juu ya kitenge, juu yangu, na kidogo juu ya mama aliyekaa mbele. Nilimwomba radhi mama yule hadi sauti ikanikauka. Yeye akageuka akasema, "Usijali mwanangu, na mimi nimelea," akanipa mfuko wa nailoni na kipande cha limau. Mkwe akanusa limau lile mpaka Ilula.

Iringa tulifika na baridi. Sweta akaikataa, akajikunja kama kamba. Baba yake akavua kofia akampa: "Nivalishe mimi kwanza, Mama." Akamvalisha, akaivuta mpaka ikafunika macho, akacheka. Halafu akanyoosha mikono mwenyewe.

Siku ya pili: Isimila, na jiwe linaloongea

Isimila ni kama kilomita 20 kutoka mjini, ukifuata barabara ya Mbeya. Mume wangu anafundisha historia, na pale ndipo alipopataka kuliko kote: korongo lenye nguzo ndefu za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua na upepo, na zana za mawe za watu wa kale zilizochimbuliwa na watafiti mwaka 1957 na 1958. Mwongozaji alitupokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, akamwinamia Mkwe na kumpa mkono. "Kamwene," akajibu Mkwe. Neno likaingia mdomoni mwake na halikutoka tena.

Nguzo hakuzitazama. Nilimnyanyua, nikamwonyesha, nikasema "Ona, ndefu hizo!" Akatazama kidole changu, kisha kifungo cha blauzi yangu. Nadhani ndipo nilipoelewa safari yetu itakuwaje. Mtoto wa umri huu hana habari na mandhari. Dunia yake inaishia pale mkono wake unapofika, na cha kufurahisha kwake ni kile anachoweza kukifanya kwa mkono huo. Ukimbeba umpitishe mbele ya vitu vizuri kumi, umempitisha mbele ya ukuta mara kumi.

Chini ya korongo kulikuwa na mchanga mkavu, laini, wa rangi ya unga wa ulezi. Nikamweka hapo na vikombe vyake. Baba yake akaenda na mwongozaji, mimi nikakaa kivulini. Alijaza kikombe kidogo, akamimina kwenye cha kati, akamimina kwenye kikubwa, akakigeuza, akaangalia kichuguu alichokipata, akakibomoa kwa kiganja. Kisha akaanza tena. Saa nzima, bila kilio, bila biskuti.

Shida ilikuja tulipoondoka, kwa sababu alikuwa ameokota jiwe. Isimila mawe hayachukuliwi, na mwongozaji hakuwa na njia ya kujua kama lile ni kokoto tu au ni shoka la mkono la mtu wa kale. Hakumnyang'anya. Alichuchumaa, akasema, "Hili lina nyumba yake hapa. Twende ukalilaze." Wakaenda pamoja, akalilaza, akalifunika na mchanga, akalipigapiga kama anayembembeleza mtoto. Nimekuwa nikiitumia njia ile nyumbani tangu siku hiyo.

Kwenye makumbusho madogo ya pale alisikia neno moja tu, kiboko. Mabaki ya kiboko wa kale yalipatikana Isimila, na Mkwe, mtoto wa Kilombero, anamjua kiboko. "Kiboko yuko wapi?" aliuliza mpaka jioni.

Jioni tulipanda Gangilonga, lile jabali la juu ya mji ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Nilipomwambia hivyo alilaza sikio juu ya mwamba uliokuwa bado na joto la jua. Akakaa kimya kwa muda mrefu sana kwa kipimo chake. "Linasemaje?" nikamuuliza. "Kamwene," akasema.

Siku ya tatu: Iringa hadi Mbeya

Zaidi ya kilomita 300. Safari hii tulikata tiketi tatu. Simu haikutoka mkobani.

Mafinga ni misonobari ya Sao Hill pande zote, mistari kwa mistari, na nikagundua kwamba mistari ile ikipita dirishani humlaza mtoto haraka kuliko wimbo. Alilala mpaka Makambako. Mahindi ya kuchoma yalimfikisha Igawa, kwa kuwa punje moja moja ni kazi ya vidole, na kazi ya vidole hula muda. Toka hapo, kwenye tambarare za Usangu, joto likarudi na uvumilivu ukaisha. Alipiga kelele. Alipiga mateke kiti cha mbele. Vikombe havikusaidia, kitabu hakikusaidia.

Kilichosaidia ni kitenge. Nilikitupa juu ya vichwa vyetu wawili, tukawa ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba ile tulinong'ona, tukabisha hodi, tukamkaribisha baba, tukamfukuza baba, tukapika wali wa hewa. Hadi Uyole.

Siku ya nne: Bustani ya michezo, Mbeya

Siku hii naiandika kwa kirefu, maana ndiyo wazazi wenzangu huniulizia.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumesikia kuhusu bustani ya michezo ya watoto mjini yenye bembea, farasi wa kuzunguka, jumba la puto la kurukia, kitreni cha umeme. Mume wangu alipendekeza twende saa tisa alasiri, jua likipoa. Nikakataa. Saa tisa ndipo watoto wakubwa wote wa Mbeya hufika, na Mkwe anakuwa ndiyo kwanza ameamka, hajui anataka nini. Tulifika saa tatu asubuhi wakifungua geti, uji umeshamkaa tumboni, Mlima Loleza ukiwa bado na ukungu kichwani. Nilimwandikia namba yangu ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono, upande wa ndani, na kumvisha kofia ya njano inayoonekana kutoka mbali.

Puto la kurukia lilimwogopesha. Lilikuwa linanguruma kwa ile mashine yake ya upepo, na ukuta wake ulikuwa unayumba. Aling'ang'ania goti langu. Baba yake akataka kumwinua amwingize, "akishaingia atapenda." Nikamzuia. Tulikaa kwenye nyasi hatua chache kutoka pale, tukagawana andazi, tukatazama wengine. Baada ya kama robo saa alisogea mwenyewe, akaligusa puto kwa ncha ya kidole. Lilipobonyea na kurudi, akanigeukia: "Linapumua." Akaligusa tena. Kisha akapanda kwa magoti.

Walipoingia wavulana wa miaka minane tisa nilimtoa mara moja. Mtoto mkubwa akiruka karibu na mdogo, mdogo hurushwa asikotarajia. Nilimwendea kijana msimamizi: "Kaka, naomba hawa wadogo wapewe zamu yao." Akaangalia, akapiga filimbi. "Sawa mama, dakika tano za wadogo peke yao." Kinamama wawili waliokuwa kando wakaleta wa kwao. Walikuwa wanasubiri mtu aombe.

Farasi wa kuzunguka alimpenda mpaka pale mkusanya tiketi alipoichukua tiketi. Alilia kilio cha msiba. Nilidhani ameogopa farasi, nikamteremsha, akazidi. Ilinichukua dakika kadhaa kutambua kwamba alichokuwa anakitaka ni kile kikaratasi chekundu. Alikuwa amekishika tangu dirishani, kimelowa jasho la kiganja, ni chake. Yule mzee wa tiketi alipoelewa akachana kipande, akabaki na chake na kumrudishia kishina. Mkwe alizunguka mara sita na vishina sita, kila mzunguko akinipungia mkono mahali palepale, na mimi nikimpungia. Kurudia jambo lilelile humchosha mtu mzima. Kwa mtoto, kujua kwamba mama atakuwa palepale mzunguko ukifika ndiyo mchezo wenyewe.

Kwenye ngazi ya kuteleza, tahadhari. Ilikuwa ya bati, na saa tano ilikuwa imeshapata jua. Niliweka mgongo wa mkono wangu nikauondoa upesi. Yeye alikuwa na gauni fupi. Mbeya watu hudhani kwa kuwa hewa ina baridi basi jua halichomi. Mji huu uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jua lake ni kali sana.

Hapo ndipo tulipohamia kwenye bomba la kunawia mikono lililokuwa chini ya mti. Lilikuwa linavuja tone tone kwenye kokoto. Mkwe akachuchumaa na vikombe vyake. Akakinga tone moja, akalimwagia kokoto. Kokoto ikabadilika rangi, kutoka kijivu ikawa nyeusi yenye kung'aa. Akashangaa. Akaimwagia nyingine. Alipofika kokoto ya ishirini hivi, ile ya kwanza ilikuwa imeshakauka na kurudia rangi yake, basi ikabidi aanze upya.

Baba yake alikuwa amesimama na tiketi nne za kitreni mkononi. "Tumelipa hela yote hii aje acheze na bomba?" Nikamwambia akae. Alikaa. Baada ya muda nikamwona naye anachagua kokoto zenye mistari na kumsogezea binti yake, na wote wawili hawasemi neno. Dakika arobaini zilikwisha hivyo. Tiketi nilimpa mama mwenye mapacha.

Kuondoka ni kazi ya peke yake. "Haya twende" ghafla humkatisha mtoto katikati ya shughuli yake, naye atagaragara, na ana haki. Nilimwambia mapema: vikombe viwili vya mwisho, halafu tunaaga. Kisha tukaaga kimoja kimoja kwa jina. Kwaheri bomba. Kwaheri farasi. Kwaheri puto, lala salama. Alikuwa amelala mgongoni mwangu kabla hatujafika barabarani, saa sita na nusu, vishina sita kwenye ngumi.

Siku ya tano: Tukuyu

Mume wangu ni mzaliwa wa Rungwe, lakini hajawahi kufika Ziwa Ngosi, lile ziwa lililo ndani ya kreta juu ya msitu. Njia yake mwishoni ni mwinuko mkali, si ya mtoto wa miaka miwili wala ya kumbeba. Tukagawana siku: yeye ashuke Isongole apande na mwongozaji, mimi na Mkwe tuendelee mpaka Tukuyu kwa shangazi wa mume wangu. Nawasihi wazazi wasione aibu kugawana hivi. Kila mtu alirudi na furaha yake.

Shangazi alitupokea mlangoni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Na wewe wifi, ugonile?" Alimwita wifi kwa lile jina la bibi yake, akamsalimu kwa Kinyakyusa. Mkwe akajibu, "Kamwene." Shangazi alicheka mpaka akaegemea mlango. "Wifi yangu amerudi Mhehe!"

Mvua ya Tukuyu haichelewi. Ilipiga bati, hatukusikilizana, nje hakuna kutoka. Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akampa Mkwe kazi ya kutia yale mekundu kwenye kikombe. Alifanya kwa bidii. Mimi nilimimina chai, tukapiga soga kwa kupaza sauti. Kisha nikaona Mkwe ametulia mno, kidole kiko puani.

Harage lilikuwa tundu la kushoto, ndani, nililiona kwa shida. Nilinyoosha kidole. Shangazi akanidaka mkono. "Acha! Utalisukuma." Akamlaza mapajani, akasema naye taratibu kama anampa busu, akaziba tundu la kulia kwa kidole, akafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza mara moja, pumzi fupi ya nguvu. Harage likatoka na kamasi, likaanguka kwenye mkeka. Mkwe akalitazama. Akataka kulichukua.

Jioni tulipita zahanati apimwe. Nesi akasema njia ile wao pia huifundisha kwa wazazi, na kwamba lisipotoka kwa mara moja mbili mtoto apelekwe hospitali, asichokonolewe, maana harage likilowa huvimba. Tangu hapo punje yoyote huishika akiwa mikononi mwangu, siyo akiwa peke yake.

Mvua ilipokatika akaja mjukuu wa shangazi, mvulana wa miaka tisa, na kisu kidogo. Alikwenda kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa, akakata shina vipande vinne vya mviringo, vyeupe, vyenye vyumba vyumba ndani kama sega la nyuki. Hayo magurudumu. Akapitisha vijiti katikati, akaunganisha na kipande kirefu cha ganda la shina, akachomeka kijiti cha usukani, akafunga kamba ya ganda kavu la mgomba. Haikuzidi robo saa. Mkwe alikuwa amechuchumaa mbele yake muda wote, mikono magotini, hapepesi. Alipokabidhiwa kamba alilivuta lile gari kwenye tope kuzunguka nyumba, mara nyingi nisizohesabu, akiacha mistari minne ya maji nyuma yake. Kuku walikimbia. Alipakia majani ya chai, akapakia parachichi, akapakia kikombe.

Gauni lake la njano lina madoa ya kahawia hadi leo. Utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni yoyote.

Siku ya sita: Mbozi

Tulikodi gari kwenda kukiona kimondo, upande wa Tunduma. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, refu kama mita tatu, lenye uzito wa zaidi ya tani 10, limelala wazi kilimani. Baba yake alisoma kibao mara mbili. Mkwe aliliangalia lile umbo jeusi, nene, lenye mgongo wa mviringo, akapiga kelele ya ushindi: "Kiboko!"

Alimpigapiga. Alimlaza. Alimfunika na kitenge. Nusu saa, tukarudi.

Siku ya saba: Treni

Tulirudi kwa reli ya TAZARA, kutoka stesheni ya Mbeya mpaka Ifakara. Kama una mtoto mdogo na reli inapita kwenu, chagua reli. Mlikuwa na kitanda cha kupanda na kushuka, korido ya kukimbia, dirisha la kusimamia, na watu wa kusalimia behewa zima. Alipita mlango kwa mlango na gari lake la mgomba, lililokuwa limeanza kunyauka na kupoteza gurudumu moja, akisema kamwene kwa wafanyabiashara wa viazi, kwa askari, kwa bibi aliyelala.

Giza lilitukuta Makambako. Baada ya hapo reli inashuka kuelekea Mlimba, na njiani kuna mahandaki mengi. Kila tulipoingia handakini mlio wa magurudumu ulibadilika, ukawa mzito na wa karibu, kisha ukafunguka tena. Mkwe alikuwa amelala kifuani kwangu, kitenge juu yetu. Handaki la kwanza alinyanyua kichwa. "Nani amefunga mlango?" Nikamwambia ni mlima umetufunika na kitenge chake. Akafikiri. Handaki la pili hakunyanyua kichwa, alisema tu, "Kitenge." La tatu alikuwa amelala.

Ifakara tulishuka usiku wa manane, joto likatupokea pale mlangoni mwa behewa kama pumzi ya jiko. Nikamvua sweta ya kwanza, nikamvua ya pili. Baba yake alikuwa ameshamwita dereva wa bajaji na kupakia mabegi. Gari la mgomba lilibaki na magurudumu mawili, na Mkwe hakukubali lipakiwe nyuma, alilishika mwenyewe.

"Mama mdogo, hujambo?" dereva akamsalimu.

Alifungua jicho moja. "Kamwene," akasema, akalala tena.